Damu Niliyokuwekea

Tarehe 4 Februari

Kifungua mimba wangu,

Kaa kwanza. Umekaa? Haya, soma polepole usije ukajifungua kabla ya siku zako: damu ya mama yako ni kumi na tisa.

Kumi na tisa! Walikuja watu wa kuchangisha damu, wakapiga hema uwanjani nyuma ya soko. Mimi sikwenda kuchangia, Mungu apishe mbali, nilikwenda kupima tu. Mpimaji mmoja mwenye miwani akanidunga kidole, akaweka tone kwenye kimashine chake, akakitazama. Akakifuta. Akanidunga kidole kingine. Akamwita mwenzake. Nikawauliza, "Vipi, mmekosa chenji?" Hawakucheka. Yule wa miwani akasema, "Mama, wanawake tunaowapima hapa wana kumi na mbili, kumi na tatu. Wewe una kumi na tisa." Nikageuka nikairudia namba kwa walio kwenye foleni, wasije wakasema hawakusikia. Akaning'ang'ania niende hospitali wakaniangalie. Nikamjibu nitakwenda siku yake ikifika, na nitakwenda kwa mtu wangu. Watu wakiona kitu cha ajabu wanapenda kukipeleka kwa wakubwa wao.

Wewe unajua nafurahia nini. Siku ile ya kumzaa mjukuu wangu, damu ilivyokutoka mpaka godoro likalowa, nilikimbilia chumba cha kutoa damu, nimeshakunja na mkono wa gauni. Wakanipima wakasema, "Mama, yako haikutoshi hata wewe mwenyewe." Wakanirudisha mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mwanangu anaisha, na mimi nimesimama tu. Akakuokoa mtu ambaye hata sura yake siijui.

Nikaapa. Tangu hapo ni maini, ni mboga za majani, ni ile dawa nyekundu ya chupa, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Siku nyingine naisukuma kwa maji huku nimeziba pua. Wenzangu wanaweka akiba benki, mimi naiweka mwilini. Uchungu ukikushika safari hii, nanyoosha mkono na tunajazana mpaka wauguzi waseme basi.

Na inaonekana! Uso umeiva, wateja wananiuliza napaka nini. Nikitoka kuoga maji ya moto mwili unaniwasha kama nimelalia upupu, mama mdogo wako anasema ni damu inatafuta nafasi. Tumo kwenye sare za shule, cherehani hazipoi. Mkwe wangu msalimie. Mwambie nimesema ana bahati, ameoa meneja wa kiwanda cha mikate, mtoto wa mwenye kumi na tisa.

Mama yako.


Tarehe 12 Februari

Mama, shikamoo.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unasema "mzima kabisa" halafu unakata unasingizia salio. Barua huwezi kuikata.

Mimi si meneja, mama. Ni msimamizi wa zamu. Nimekwambia mara ngapi?

Jumatatu nilikwenda kliniki. Mkunga wetu pale ni mama mnene, sauti yake unaisikia ukiwa getini. Alipokuwa ananipima nikafanya mzaha, nikamwambia, "Laiti ningechanganya na ya mama yangu, yeye ana kumi na tisa." Wajawazito wote kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Aliacha kuandika, akanivuta kwenye chumba cha mizani na kufunga mlango.

Akaniuliza, "Mama yako akitoka kuoga anawashwa?"

Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mtu hajawahi kukuona, hajui hata unaishi wapi, lakini anajua unavyowashwa. Akaendelea: uso umekuwa mwekundu? Kichwa kinauma? Vidole vinachoma au vinakufa ganzi? Nikawa naitikia tu, la kwanza na la pili, na mengine nikamwambia sijui, mama yangu hasemi.

Amenieleza hivi. Ndani ya damu kuna kitu kinaitwa himoglobini. Ndicho kinachoipa damu wekundu wake, na ndicho kinachobeba hewa kutoka kwenye mapafu kuipeleka mwili mzima. Ikipungua mtu anahema kwa kupanda kitanda. Ikizidi mno, damu inakuwa nzito. Haipiti vizuri kwenye mishipa midogo, na inaweza kuganda, iwe kichwani au kwenye moyo. Mama, yule mpimaji hakuwa akikusifu. Alikuwa ameogopa.

Acha dawa ya chupa leo. Nenda hospitali leo, si wiki ijayo. Nakuomba.

Mimi usinihofie. Yangu imepanda, sasa ni kumi na moja. Daktari amefurahi.

Mwanao.


Tarehe 18 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira.

Huyo mkunga wako ana wivu. Lini ulisikia mtu kaugua kwa kushiba? Nilipokuwa sina damu walinifukuza. Leo ninayo, naambiwa ni ugonjwa. Basi wanataka nini? Darasa la saba nililoishia lilinifundisha kitu kimoja: mwenye nacho hakosi wa kumwonea kijicho.

Na nimefanya uchunguzi wangu. Fundi viatu wa hapa sokoni anasema shemeji yake aliambiwa hivyo hivyo. Wakamlaza, wakamchomeka mpira mkononi, wakamtoa damu chupa nzima. Wiki iliyofuata tena. Nikamuuliza, "Wakaipeleka wapi?" Hajui. Mimi najua. Hiyo ina wateja wake. Sasa nikae miaka minne nakusanya, halafu mwezi mmoja kabla hujajifungua nikawape watu wasionijua? Yangu ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Halafu hiyo kumi na moja yako siiamini. Nimekuzaa mimi. Tangu utoto, ukidanganya mwandiko wako unalalia upande kama nyasi za upepo, na mstari ule wa mwisho umelala kabisa. Unakula? Unapumzika? Au unapanda na kushuka na masanduku ya mikate ukiitwa msimamizi?

Kichwa kinauma kidogo, nani mwenye cherehani hakimuumi. Ngoja nikuchekeshe. Juzi nilikuwa nashona kola, nikaivuta haiji, nikaivuta haiji, kumbe nimeishona pamoja na kidole changu! Sindano imeingia ukuchani ikatokea upande wa pili, na wala sikusikia. Mama mdogo wako ndiye aliyepiga kelele. Vidole siku hizi vimekomaa, vimekuwa vya kiume. Na damu iliyotoka ni tone moja tu, jeusi jeusi, likakaa pale pale juu ya ukucha kama kifungo. Haimwagiki ovyo, inajua ina kazi.

Jali tumbo lako, mimi niachie mimi.

Mama yako, mzima kabisa.


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Ni mimi mama mdogo wako. Mwandiko wangu uvumilie, na dada asijue kama nimekuandikia. Ametuapisha wote hapa bandani.

Jana asubuhi tulikuwa tumekaa kama kawaida, cherehani yangu na yake zinatazamana. Nikamwambia, "Dada, nipe mkasi." Akanipa uzi. Nikasema, "Mkasi, dada." Akanipa uzi tena. Nikajua ni utani wake, unamjua. Nikainua macho nimjibu.

Mdomo wake ulikuwa umeshuka upande mmoja. Mate yanadondokea kwenye sare ya watu. Mkono wa kulia umening'inia kama mkono wa shati. Na mguu, mwanangu, mguu bado unakanyaga. Cherehani inashona, inashona kitambaa ambacho hakuna aliyekishika, kinakwenda mshazari mpaka kikaanguka, na sindano ikaendelea kupiga chuma. Mpaka sasa nausikia ule mlio.

Tulimlaza juu ya mafurushi. Alikuwa anasema, lakini hayakuwa maneno. Fundi viatu alikimbia kutafuta gari. Gari halijafika, dada akarudi, kama mtu aliyewashiwa taa. Akakaa. Akatazama. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Nani kaharibu kitambaa cha watu?" Tukadhani tunacheka, kumbe tunalia.

Hospitali amekataa. Nimempigia magoti. Anasema, "Wataichukua, na mwanangu anajifungua mwezi ujao. Wakishaichukua nitampa nini?" Kisha mbele ya macho yangu akamimina dawa ya chupa, vijiko viwili badala ya kimoja, anasema ameishiwa nguvu kwa sababu imeanza kupungua.

Mimi simwezi. Tangu utoto ni yeye anayenituma. Wewe ndiye pekee ambaye anamwogopa, ingawa hasemi. Fanya jambo.

Mama mdogo.


Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo, na usimgombeze mama mdogo. Angenyamaza tukakuzika, ungemgombeza nani?

Kile kilichokupata kwenye cherehani ni kiharusi kidogo kilichopita. Mkunga anasema kinapita ili kurudi. Damu yako imekuwa nzito kama uji uliosahauliwa jikoni, inasukumana kwenye vimishipa vya kichwa. Safari hii ilifunguka. Ijayo huenda isifunguke.

Ulisema mwandiko wangu umelala. Basi tazama huu, umesimama. Kumi na moja ilikuwa uongo. Nina saba. Ngazi za kiwandani nazipanda nusu, halafu nasimama na kujifanya nakagua taa, wafanyakazi wasione ninavyohema. Kucha zangu nyeupe. Asubuhi nikisimama ukuta unazunguka. Daktari anataka nilazwe niongezewe damu kabla ya uchungu, kwa sababu ya kile kilichotokea mara ya kwanza.

Nimekataa.

Nimewauliza pia kuhusu yako, kwa kuwa najua huwezi kutulia bila jibu. Nilimuuliza mkunga, nikamuuliza daktari, nikamuuliza na mtu wa benki ya damu. Wote wamesema hawamwekei mgonjwa damu iliyotoka kwa mgonjwa. Hata ukija umejaa mpaka machoni watakurudisha tena. Kwa hiyo, damu unayoiweka huniwekei mimi, mama. Unakiwekea kiharusi.

Sasa sikiliza. Siku nitakayosikia umetolewa chupa ya kwanza ndiyo siku nitakayonyoosha mkono wangu nichomwe sindano. Kabla ya hapo sinyooshi, waje na askari. Mume wangu amelia, sijamsikiliza. Ukaidi huu unajua nilikoutoa.

Nina saba, mama, na inashuka. Usichelewe.

Mwanao.


Tarehe 11 Machi

Mtoto mchawi wewe,

Nimekwenda. Wamenitoa. Nyoosha mkono sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma.

Daktari ni msichana ambaye ningeweza kumpima sare ya shule. Akaniminya chini ya mbavu za kushoto, akauliza kama siku hizi nashiba upesi. Nikasema ndiyo, nadhani ni heshima ya uzee. Akasema ni wengu umevimba. Akapima damu akakuta ishirini kasoro kidogo. Hapo zamani ningetangaza. Nilitazama chini.

Nikamweleza yote, maini, mboga, ile chupa nyekundu, miaka minne. Nilitaka ajue kwamba nimeihangaikia, sikuiokota tu. Akanishika goti akasema, "Mama, si hivyo vilivyoileta. Vimeuchochea moto, lakini hukuuwasha wewe. Damu inatengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Uboho wako umesahau kuacha." Hivyo ndivyo alivyosema, umesahau kuacha. Mwanangu, hilo limeniuma kuliko sindano. Kumbe ugonjwa ndio ulikuwa ukifanya kazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu.

Mshipa muuguzi aliupata mara moja, mnene kama kamba, akausifu, na hilo lazima niliseme. Lakini damu haikutiririka. Ilitambaa. Nyeusi, inakwenda kwenye mpira kama haitaki kuondoka. Mfuko ulipojaa nikamwambia, "Iandike jina la mwanangu." Akaniambia, "Hii haiendi kwa mtu, mama. Inateketezwa." Nikasema, "Nzuri hivi?" Nikalia, mwanangu. Nilimlilia baba yako, lakini si hivi. Baba yako angalau alikuwa amezeeka.

Wiki ijayo tena, na nyingine tena, mpaka itulie. Wamenipa na kidonge kidogo cha kuzuia isigande. Kipimo kingine kimepelekwa maabara kubwa. Ugonjwa huu hauponi, anasema, unafugwa kama mbwa mkali.

Naogopa. Neno hilo nakuandikia kwa mara ya kwanza, litunze. Nikishika kikombe natazama kwanza kama kitabaki mkononi. Mama mdogo wako akiniomba kitu namuuliza mara mbili ni kitu gani, nisije nikampa uzi.

Yangu nimetimiza. Saba si namba ya mtu aliyebeba mtu mwingine. Kwa nini hujaniandikia tena tangu tarehe tatu? Umeshanyoosha? Mkwe wangu aandike yeye, kama wewe huwezi. Hapana, andika wewe. Nikiona mwandiko wa mkwe nitakufa kabla sijaufungua.

Mama yako.


Tarehe 16 Machi

Mama,

Shikamoo, na kaa chini wewe sasa.

Nilikuwa nimeshanyoosha. Barua ile ya tarehe tatu niliiandika kitandani wodini, sindano ikiwa mkono wa kushoto na mfuko wa damu juu ya kichwa changu. Ndiyo maana mwandiko ulisimama: mkunga alinishikia karatasi. Yeye ndiye aliyesema, "Andika umekataa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtisha kwa kifo chake, mtishe kwa chako." Ile saba ilikuwa ya kweli. Kukataa ndiko kulikuwa uongo. Nisamehe, au nipige nikija.

Nilipoisoma barua yako ya kutolewa damu nilicheka mpaka tumbo likakaza, wauguzi wakaja mbio.

Sasa nina tisa na kidogo. Lakini kuna la kukwambia, na sitalificha maana tumeshachoka kufichana. Mtoto amekaa vibaya, ametanguliza miguu. Watanipasua tarehe ishirini na tano. Na damu ya kundi langu iliyoko kwenye jokofu lao ni mfuko mmoja. Wanasema ndugu waje wachangie, hata wa makundi mengine, ili nao watafute ya kwangu mahali pengine. Mume wangu amechangia. Ndugu zake wanasema watakuja, kila siku ni kesho.

Jana kitanda cha tatu kutoka kwangu walimpeleka mama mmoja chumba cha upasuaji. Baadaye nikasikia viatu vinakimbia kwenye korido, na mtu anasema, "Nyingine! Leteni nyingine!" Halafu kikawa kimya. Kitanda chake wamekitandika upya. Sijauliza. Hakuna aliyeuliza.

Naogopa, mama. Nami nakuandikia neno hilo.

Usije. Safari ni ndefu, na kukaa kwenye basi kutwa nzima ni kubaya kwa damu kama yako. Nataka tu ujue.

Mwanao.


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa mama mdogo wako, mimi nasema yeye anaandika. Usishtuke. Kalamu inateleza leo, ni jasho tu.

Umenidanganya ukanishinda. Sina hasira. Nimewasomea barua yako bandani wote wakapiga makofi, nikawaambia, mnaona? Huyo ndiye meneja.

Jana nimetolewa chupa ya pili. Imekwenda mbio kuliko ya kwanza, muuguzi amekiri mwenyewe. Daktari ameniruhusu kusafiri. Amesema basi likisimama nishuke nitembee, ninywe maji, nimeze kidonge changu, na nisikunje miguu.

Yangu hawaitaki, sawa. Nakuletea za watu. Mama mdogo wako amepimwa, ana kumi na tatu na nusu, safi, inaruhusiwa, na sindano anaiogopa kuliko nyoka. Nimemwambia alivyopata moyo wa kukuandikia kwa siri ataupata na huu. (Anaandika huku anatetemeka, andika hivyo hivyo, usifute.) Fundi viatu anakuja. Mkewe anakuja. Yule mpimaji wa miwani nimemtafuta mpaka kwao nikamwomba radhi, naye ametupa simu ya mwenzake wa benki ya damu ya huko kwenu, ameahidi kutafuta ya kundi lako. Cherehani tumezifunika.

Usijibu barua hii. Itafika asubuhi na kondakta, sisi tutafika jioni. Wakikuingiza kabla sijafika, waambie wangoje. Wakikataa kungoja, wewe ngoja. Unasikia? Ngoja.

Mama yako.

Mwanangu, dada amekwenda kufunga mzigo, naongeza haraka. Daktari hakumruhusu. Amemwambia mbele yangu asisafiri kabla ya wiki tatu. Dada akasema, "Asante, daktari," akatoka na kukata tiketi. Mkono wa kulia umelala tangu asubuhi na haujaamka. Nitakaa upande huo huo ndani ya basi, nitaushika njia nzima. Mwambie mkunga wako aje stendi na kiti cha magurudumu, na atafute vitanda viwili, chako na chake.